Miguu yenye vumbi mbele ya altare: maswali kuhusu picha za Kikatoliki

Kwa nini watakatifu waliochorwa baada ya zama za Mwamko (Renaissance) wanalia na kuonekana kama watu wa kawaida, ilhali wale wa awali walitulia?

Chanzo kikubwa ni mabishano ya imani. Waprotestanti walipozishutumu picha kuwa ni ibada ya sanamu, na mahali pengine kuzivunja, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulijibu mwezi Desemba 1563 kwamba zibaki makanisani, kwa kuwa zinawafundisha waamini na kuwavuta waige maisha ya watakatifu, mradi zisiamshe tamaa wala kuingiza mambo mageni yasiyoidhinishwa na askofu. Mtaguso haukumwelekeza mchoraji namna ya kuchora machozi. Hayo yalitokana zaidi na mafundisho ya sala, hasa kitabu cha *Mazoezi ya Kiroho* cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, ambamo anayesali hujijengea akilini mahali pa tukio, akatazama, akasikiliza, akanusa na hata kugusa. Aliyezoea kusali hivyo hatosheki na mtakatifu asiye na uzito wa mwili.

Je, ni kweli kwamba Kanisa liliikataa picha ya mchoraji Mwitaliano Caravaggio ya kifo cha Bikira Maria?

Waliokataa ni watawa Wakarmeli wa kanisa la Santa Maria della Scala, Roma, si Kanisa zima. Mwanasheria Laerzio Cherubini aliiagiza mwaka 1601 kwa ajili ya kikanisa chake humo. Maria amelazwa akiwa na gauni jekundu, tumbo limevimba, nyayo hazina kiatu wala kitambaa. Mitume wazee wamesimama wakiwa hawana la kusema, na Maria Magdalena amejiinamia hata uso wake hauonekani. Miguuni pake pana beseni la shaba, ambalo yeyote aliyewahi kusaidia kuosha maiti atalitambua bila kuambiwa. Dalili ya utakatifu ni duara jembamba tu juu ya kichwa.

Baglione, mchoraji aliyekuwa hasimu wa Caravaggio, aliandika kwamba picha iliondolewa kwa sababu ya uvimbe na miguu iliyo wazi. Tabibu Mancini alidai kwamba mwanamke aliyechorwa alikuwa kahaba. Kwa maoni yangu, lililowasumbua zaidi watawa ni kwamba hakuna malaika wala mbingu iliyofunguka: kifo kimeachwa kiwe kifo, na tumaini la kupalizwa mbinguni mtazamaji analazimika kuja nalo mwenyewe. Picha iliyowekwa badala yake, ya Carlo Saraceni, inamwonyesha Maria ameketi akisali. Ile iliyokataliwa ilinunuliwa mwaka 1607 na mtawala wa Mantua, Italia, kwa ushauri wa mchoraji Rubens, na kabla haijaondoka Roma ilionyeshwa kwa wiki nzima ili wachoraji waione. Leo imo katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Na ile picha nyingine ya Caravaggio, ya mahujaji wenye miguu michafu?

Hiyo haikukataliwa, na mpaka leo iko katika kanisa la Sant'Agostino, Roma. Mwanamume na bibi kizee wamepiga magoti mbele ya Maria aliyesimama mlangoni akiwa na Mtoto, na nyayo za yule mwanamume, zilizojaa vumbi la safari, zimemwelekea mtazamaji moja kwa moja. Baglione anasema watu walipiga kelele nyingi juu yake.

Je, ni lazima picha iwe na damu na machozi ndipo iguse moyo?

Hapana, na Wahispania walilijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1627 mchoraji Zurbarán aliwachorea watawa Wadominiko wa Sevilla Kristo msalabani, nyuma yake giza tupu, bila mama anayelia wala askari. Kitambaa cheupe kiunoni kimechorwa kwa mikunjo mizito kiasi kwamba waliomtazama kupitia wavu wa chuma katika kikanisa chenye giza walidhani ni sanamu ya kuchongwa. Mchoraji mwenzake Velázquez, miaka michache baadaye, alimchora Kristo kwa misumari minne, kila mguu na wake, kama alivyosisitiza baba mkwe wake, Pacheco. Mwili umesimama wima, damu ni kidogo, na nywele zimeanguka zikafunika nusu ya uso.