Kufundisha kaiti Nyali: raha ama jasho?

Ndugu yangu unayeuliza kama mwalimu wa kaiti (mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa) hapa Nyali, ufuo wa Mombasa, hulipwa kula raha, nilifanya kazi hiyo misimu miwili. Kalenda yako ni upepo na maji. Upepo wa kaskazi ukishika, Desemba hadi Machi, wiki haina Jumapili. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa karibu mita 3, saa nne asubuhi miamba iko nje, hakuna somo la majini. Mnabaki mchangani mkifungua kamba za tiara. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo nafuu.

Siku mbili za kwanza mwanafunzi hagusi ubao. Anashika tiara ndogo tu, na wewe umemshika kwa nyuma mshipi wa kiunoni asije akapaa. Mzungu wa kilo 100 akivutwa, mnavutwa wote! Mguu wangu una alama ya matumbawe mpaka leo.

Usiku? Ijumaa wageni wanakuburuta Mtwapa, mji wa starehe za usiku, wanalipa wao, unarudi na matatu alfajiri. Nilifanya hivyo mara mbili nikakoma. Kupuliza tiara kwa pampu kwenye jua la saa tano, kichwa kinagonga, si mchezo. Baadaye nikawa naishia kwa viazi karai na ukwaju, saa tatu nimelala.