Jenereta ya motahomu inapanda na kushuka, kisha inazima: niishushe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Texas, nimenunua motahomu ya zamani, yaani gari lenye nyumba ndani yake, yenye jenereta ya Onan 4000 ya petroli, imefungwa chini ya bodi. Inawaka vizuri, lakini mlio unapanda na kushuka, na nikiwasha kiyoyozi inazima. Nataka kuishusha mwenyewe niifungue. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usiishushe kwanza. Mashine hiyo ina uzito wa kilo 80 hivi, na kwa dalili ulizoeleza, tatizo mara nyingi liko kwenye mafuta, ambayo unaweza kuyashughulikia jenereta ikiwa palepale ilipo.

Tazama geji ya mafuta ya gari. Jenereta inavuta petroli kwenye tangi lilelile la injini, ila bomba lake hukatwa fupi makusudi ili lisikumalizie mafuta ukakwama njiani. Tangi likifika robo hivi, jenereta inazima hata kama ni nzima kabisa. Jaza mafuta na upime oili kabla hujagusa spana.

Ikiendelea hivyohivyo, nenda kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ya Marekani kwa kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na ikilala miezi ndani ya kabureta inaacha utando wa njano unaonata na kunuka kama vanishi. Utando huo unaziba jeti, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli. Injini ikikosa mafuta inashuka, gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) inafungua hewa zaidi, injini inapaa, gavana inafunga tena. Ndiyo panda-shuka unayoisikia. Ukiibebesha kiyoyozi inahitaji mafuta mengi kuliko yanayopita, inazima. Fungua kifuniko cha mbele cha jenereta, toa filta ya hewa, uifikie kabureta. Isafishe kwa dawa ya kupuliza na hewa ya kompresa. Tafadhali usichokonoe jeti kwa waya, maana ukilipanua tundu lake hutalirudisha. Kama imeliwa na kutu ndani, funga mpya, na ubadilishe filta ya mafuta papo hapo.

Kushusha kunafaa pale hosi ya petroli imepasuka juu ya sanduku la jenereta ambako mkono haufiki, au koili za umeme zimeungua. Ukifika huko, fanyia kazi nje, injini ikiwa imepoa. Chomoa umeme wa nje, kisha toa waya wa hasi wa betri za nyumba, zile za sehemu ya kuishi. Piga picha nyaya zote na uzitie alama. Ukitoa hosi ya mafuta izibe mara moja, kwa sababu petroli inaweza kuendelea kujivuta yenyewe toka tangini hadi sakafuni.

Wengi wanakwama kwenye kimo. Jenereta itatoka chini ya gari ikiwa juu ya jeki, kwa hiyo jumlisha kimo cha jenereta na cha jeki ikiwa imeshushwa kabisa, ulinganishe na nafasi kati ya ardhi na ukingo wa bodi. Ikiwa nafasi haitoshi, pandisha gari kwanza kwenye stendi imara, magurudumu yazuiwe kwa magogo. Jeki ya kuinulia pikipiki inafaa sana kwa sababu ni pana. Iinue mpaka ibebe uzito wote, ndipo ulegeze bolti. Usiingize mwili wako chini ya jenereta wakati inashuka.

Ukirudisha, weka gasketi mpya ya ekzosi na uhakikishe bomba linatokeza nje ya ukingo wa gari. Ninasisitiza hili kwa uzito wote: moshi huo una kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Kabla familia haijalala humo, jaribu kengele ya kuitambua gesi hiyo. Ikiwa imepitwa na muda wake, nunua nyingine.

Baada ya hapo iwashe kila mwezi kwa saa mbili, ikiwa na mzigo wa umeme wa nusu ya uwezo wake. Kiyoyozi kimoja kinatosha.