Nani aliliua jumba la maduka la North Randall?

SWALI: Salamu mama. Mimi ni Mkongo wa Uvira, sasa naishi Ohio. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la Amazon pale North Randall, karibu na Cleveland. Wazee wa kazini wanasema hapa tunaposukuma mizigo palikuwa na jumba la maduka kubwa kuliko yote duniani. Je, ni intaneti iliyoliua? Nauliza kwa sababu nimepata chumba cha bei nafuu katika jumba jingine la maduka, nataka niuze vitenge na mafuta ya nywele. Nichukue?

JIBU: Salamu zimefika, mwanangu. Wazee hao hawakudanganyi. Randall Park Mall lilifunguliwa mwaka 1976 na lilitangazwa hivyohivyo, kubwa kuliko yote duniani, maduka zaidi ya 200 katika kijiji ambacho wakazi wake wote wangeenea kwenye kona moja ya maegesho. Ghala lenu lilifunguliwa hapo mwaka 2018.

Lakini intaneti usiisingizie. Jumba lile lilifungwa mwaka 2009, na mwaka huo ununuzi wa mtandaoni haukufika hata asilimia 5 ya biashara ya rejareja Marekani. Lilikuwa mgonjwa zamani. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wajenzi kukata gharama za jengo jipya kwenye kodi haraka haraka, kwa hiyo kujenga jipya pembezoni mwa mji kulilipa kuliko kukarabati la zamani. Mwaka 1956 zikaja barabara kuu za serikali. Majumba yakaota kama uyoga, yakanyang'anyana wanunuzi walewale. Randall Park halikumaliza hata miaka mitatu, Beachwood Place likafunguliwa jirani, mwaka 1978, likavuta wenye fedha.

Victor Gruen, msanifu aliyebuni Southdale, jumba la maduka lililofunguliwa kule Minnesota mwaka 1956, alitaka jumba lizungukwe na nyumba, shule na zahanati, watu watembee kwa miguu. Wenye mitaji wakachukua maduka na maegesho, mengine wakayaacha. Uzeeni aliyakana majumba hayo, na mimi namwelewa.

Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu wewe. Miaka ya tisini niliuza viatu katika jumba moja upande wa mashariki wa Cleveland. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti na kuwapima watoto miguu kwa kile kipimo cha chuma, baridi kama barafu, wakikunja vidole. Duka letu lilitazamana na mlango wa duka kuu, lile la ghorofa mbili linalouza kila kitu kuanzia mashuka hadi friji. Wateja hawakuja kwetu. Walikwenda kule, wakatoka, macho yakatua kwenye viatu vyetu. Ndiyo maana mwenye jengo humtoza duka kuu pango dogo mno, akatutoza sisi wadogo mara nyingi zaidi kwa kila futi. Sisi tulikuwa tunanunua njia ya miguu ya watu.

Duka kuu lilipofunga, wakashusha chuma mlangoni. Jumamosi ya kwanza nilipima miguu ya watoto wanne. Nilizoea arobaini. Maduka ya kampuni kubwa kubwa yalikuwa na kifungu kwenye mkataba: duka kuu likiondoka, pango linashuka, au unaruhusiwa kuvunja mkataba. Yakaondoka moja baada ya jingine. Bosi wangu hakuwa na kifungu hicho. Alilipa pango kamili miezi kumi na minne, akitazama ukuta wa chuma, mpaka akiba yake ikaisha. Hadi leo roho inaniuma nikimkumbuka.

Basi hiyo bei nafuu ina sababu, itafute kabla hujaweka saini. Uliza duka kuu ni lipi na mkataba wake unaisha lini. Sears, iliyokuwa nguzo ya majumba mengi, ilifilisika mwaka huohuo wa 2018 ghala lenu lilipofunguliwa. JCPenney ikafuata 2020. Dai kifungu kile kiandikwe, na mkataba usizidi mwaka. Kisha nenda Jumanne saa tano asubuhi, ukitoka zamu, ukae kwenye benchi mbele ya hicho chumba saa nzima. Wale wazee wanaozunguka kwa mazoezi usiwahesabu. Hesabu walioshika mifuko, halafu niandikie.