Riwaya ina maneno 140,000, nipunguze kweli?

SUALI: Asalam alaykum mhariri. Niko Wete, Pemba, nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, maneno 140,000. Mchapishaji mmoja kaniambia ndefu mno, nishushe mpaka 90,000. Kila neno nimelitolea jasho, kweli inabidi? Na naanzia wapi? Nakuletea sura ya kwanza uione.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, na hongera, kumaliza riwaya si mchezo. Tupige hesabu kwanza. Ukurasa wa A5 unachukua maneno kama 300, kwa hiyo yako inafika kurasa 467, na kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja, inachapwa karatasi kubwa halafu inakunjwa, mara nyingi mkunjo mmoja kurasa 16, kwa hiyo utalipia 480. Maneno 90,000 utalipia 304. Hiyo tofauti yote inaishia kwenye bei, na mwandishi mgeni nani atamtolea pesa hizo?

Lakini mie pesa sio inayoniuma. Nimeisoma sura yako. Umeandika "Alikuwa ni mwanamke mwenye huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu ya mumewe ambaye alikuwa amekwenda baharini na hakurudi tena", kisha mistari minne chini yake: "Kila magharibi hutandika mkeka wa mumewe, asubuhi akaukunja." Wallahi huo mkeka ushasema yote! Ile ya mwanzo ifute, huzuni msomaji ataiona mwenyewe. Na hivi ndo ulivyofanya karibu kila ukurasa, unaeleza kwanza halafu ndo unaonesha, kwa hiyo matukio usiyaguse bado, anza na haya maelezo tu uone yatakavyopungua. Washairi wetu wanamaliza kisa kwenye ubeti wa mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, na mtu anabaki nao kichwani miaka.

Huko kwenu msimu wa karafuu si mnakaa usiku mnachambua, karafuu huku makonyo, vile vikonyo vyake, kule, ndo zikaanikwa? Basi fanya vivo hivyo. Na makonyo nayo hayatupwi, yanatolewa mafuta, kwa hiyo ulichokikata kiweke faili jengine, humo utakuja kupata hadithi fupi mbili tatu.

Ukifika 100,000 ukaona kila kilichobaki kina kazi yake, usikate tena, niletee niisome yote, nitakusaidia kumwandikia mchapishaji.