Njugu na maziwa kwa bathdei moja
Dada, umeuliza utapika nini Jumamosi hapo Nakuru na kuna mtoto mmoja ana aleji ya njugu na mwingine maziwa humsumbua tumbo. Hayo mawili hayalingani. Wa maziwa, kama si aleji ila tumbo tu, akikosea ataumwa tumbo pengine aharishe, basi, na wengine wa hivyo hata mala huwakubali kuliko maziwa freshi. Lakini njugu usicheze nayo, kidogo tu inaweza kumziba mtoto pumzi, mi ningeziondoa kabisa kwa nyumba siku hiyo. Huku kwetu Kisumu mwaka jana nilikuwa nimepika vizuri, viazi karai, matunda, kila kitu, halafu shangazi akakata keki na kisu alichotoka kupakia mkate pinat bata, nikaona ile kahawia bado imeshika kwa ncha, keki yote nikaitoa mezani na watoto wananiangalia. Ongea na mama ya huyo mtoto wa njugu leo, muulize kama ana dawa ya dharura akuonyeshe vile inatumika, na mtoto akifura midomo ama aanze kuhema kwa shida apewe hiyo dawa na mkimbie hospitali saa hiyo hiyo, usingoje hali ipoe.