Barua kwa mwanangu: kaa bwenini

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama yako. Umeuliza mawili. Kwanza, uchukue nafasi uliyopewa James Madison, kile chuo kidogo ndani ya chuo kikuu cha Michigan State huko Marekani, au usome sayansi ya siasa idarani kama wengine. Pili, kama ni Madison, kwa nini ulipie bweni wakati mjomba wako ana chumba kitupu pale Lansing, mwendo wa basi tu. Hilo la pili ndilo zito, na ukilijibu, la kwanza limekwisha. Nenda Madison, na ukae bwenini. Kama huwezi kukaa bwenini, basi soma tu idarani.

Chuo kikuu chenu kina wanafunzi wapatao 50,000. Kilianza mwaka 1855 kikiwa chuo cha kilimo, na baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya rais wake John Hannah, kikapanuka ghafla. Katika umati ule mwanafunzi anaweza kumaliza shahada bila mwalimu hata mmoja kumjua jina. Ndiyo maana wakaanzisha vyuo vidogo ndani ya kile kikubwa, watu wakae na kusoma pamoja: Justin Morrill mwaka 1965, halafu mwaka 1967, mwaka wetu wa Azimio la Arusha, James Madison kwa mambo ya umma na Lyman Briggs kwa sayansi. Cha Morrill kilifungwa 1979. Madison na Briggs vipo hadi leo. Na mwaka huo wa 1967 mambo ya umma hayakuwa ya vitabuni tu: vijana walikuwa wanapelekwa Vietnam, na mwezi wa Julai Detroit ikawaka, wakafa watu 43.

Sasa Case Hall, bweni la Madison. Ni jengo la minara miwili na bwalo, na humo humo zimo ofisi za walimu na madarasa. Mjomba wako anaona hapo ni kulipia kitanda. Mimi naona unalipia usiku. Darasani utabishana na kijana wa shambani kaskazini mwa Michigan kuhusu ushuru, au na binti wa Detroit kuhusu polisi, na kengele ya saa itawakatiza mkiwa katikati. Ukipanda basi kwenda kwa mjomba, ubishi umeishia hapo, kila mtu na msimamo wake. Ukibaki, jioni mtakutana kwenye foleni ya chakula, mtaumalizia mezani, na kesho asubuhi mtagombea bafu moja.

Miaka yangu ya halmashauri nimeliona hili kwa macho. Madiwani waliofika asubuhi na kuondoka jioni walisoma hotuba zao na kupiga kura kama walivyopangwa. Lakini tulipokwenda semina ya bajeti na wote wakalala gesti moja, wale wa vyama viwili wasiosalimiana barazani, usiku utawakuta uani na kahawa wanahesabu pamoja kisima kipi kianze. Hawakuacha vyama vyao. Ila walijua sasa mwenzao anaogopa nini kwa wapiga kura wake, na ukishajua hilo, hata kumpinga unampinga vizuri zaidi.

Huyo James Madison mwenyewe hoja yake ilikuwa karibu na hapo: kwamba makundi hayatakwisha katika nchi huru, basi katiba ijengwe ili moja lizuie lingine. Alikuwa na mkono mkubwa katika katiba yao ya 1787 na katika orodha ya haki iliyofuata, kisha akawa rais wa nne. Na kule shambani kwake Montpelier, Virginia, alimiliki watumwa zaidi ya mia. Alipofariki mwaka 1836 wosia wake haukuwaacha huru. Jina lake liko mlangoni, kwa hiyo usione haya kuliuliza hilo darasani tangu wiki ya kwanza.

Umesema huko Madison unataka kusomea mahusiano ya kimataifa. Sikukatazi, lakini huko ndiko kila anayetoka kwetu anakokimbilia. Tazama pia mahusiano ya jamii na sera: shule, nyumba, ubaguzi wa rangi, uhamiaji. Hayo unaweza kuyafanyia kazi Lansing, Tanga au Kigoma. Zipo pia nadharia ya siasa na demokrasia ya katiba, na tamaduni na siasa linganishi. Hizo mbili chagua tu kama kusoma kwenyewe kunakunogea.

Mama yako anauliza kazi. Mwambie kweli: si kama uuguzi, ukimaliza leseni mkononi. Wengi huendelea na sheria. Kinachosaidia ni fildi, yaani mafunzo ya kazini, na Madison fildi ni lazima. Usiikimbilie Washington kwa sababu ya jina. Bunge la jimbo liko hapo hapo Lansing, na katika ofisi ndogo utapewa kazi ya kuandika. Mtu anayeweza kuandika kurasa mbili mkubwa wake akazielewa kabla ya kikao hakosi mkate, hilo nililiona kila mwaka wa fedha.

Lugha je? Michigan State wanafundisha hata Kiswahili. Usithubutu kujiandikisha ili uokote alama za bure. Chukua Kifaransa au Kiarabu, na Kiswahili wasaidie wenzako bwenini wanaohangaika na ngeli.

Kuhusu mjomba, mpigie mwenyewe kabla hajasikia kwa mama yako. Mwambie chumba chake utakihitaji wakati wa likizo, bweni likifungwa, na kwamba Jumapili utakwenda kula kwake. Pilau la mkewe usilikose. Na ukimpata mbishi wa kweli huko Case Hall, mpeleke naye.

Baba yako