Moyo mzito na siku imejaa kazi: mimi nilianza na bobini

Mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema uko Sakina, Arusha, unakaa kwenye kibanda cha uwakala tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, kifua kizito, usingizi umekata, machozi yanakutoka bila sababu. Unataka vitu vya dakika chache kwa kuwa huna muda wala hela. Nakujibu kama dada yako, kwa niliyoyapitia mwenyewe hapa Moshi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza changu jirani na Double Road. Anayeijua Moshi anaijua Desemba yake: watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, kila mtu anataka nguo ya Krismasi, na kabla hujapumua zinaingia sare za shule za Januari. Mwaka juzi nilishona hadi usiku wa manane wiki tatu mfululizo. Siku moja nikakata kitenge cha mteja kichwa chini miguu juu, mikono ikaanza kutetemeka, hata kutunga uzi kwenye sindano nikashindwa. Nikaenda zahanati nikiamini ni presha. Muuguzi akapima, akasema iko sawa, kisha akaniuliza: "Mama, unakula saa ngapi?" Nikakaa kimya. Chakula changu cha kwanza kilikuwa saa kumi jioni. Kabla ya hapo ni chai ya rangi, kikombe juu ya kikombe.

Kwanza nilitaka kubadili maisha yote kwa mpigo: kuamka saa kumi alfajiri, mazoezi, kuzima simu. Nilidumu siku nne. Kilichokaa ni pale nilipofunga jambo dogo kwenye kitu ninachokifanya kila siku nipende nisipende. Uzi wa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya sindano ya cherehani, lazima uishe. Basi kila unapoisha, kabla sijajaza mwingine, natoa mguu kwenye kanyagio, nashusha mabega, naachanisha meno, navuta pumzi puani nikihesabu hadi nne, kisha naitoa taratibu hadi sita au saba. Mara tano. Haifiki dakika moja. Kazi kubwa iko kwenye kutoa: ukiitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo yanapunguza kasi na mwili unaelewa kwamba hakuna anayekukimbiza. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Wiki ya pili nikashtuka kwamba jioni shingo haiumi.

Wewe huna bobini, lakini una floti, hela yako ya kufanyia miamala. Kila ukimaliza kuihesabu, kabla hujamwita mteja anayefuata, fanya hivyo. Usitafute muda mwingine, huo upo tayari.

Chakula sitasema sana. Kula kabla ya saa tatu asubuhi, hata kama ni uji na ndizi mbili. Chai ya rangi niliiacha baada ya saa nane mchana, maana kafeini inakaa mwilini kwa saa nyingi, na kikombe cha saa kumi na moja jioni unaingia nacho kitandani.

Simu ndiyo ilinitesa zaidi. Wateja wananiandikia saa tano usiku, "dada nguo yangu vipi?", na mimi ndani ya chandarua najibu, naomba radhi, kisha naangalia dari hadi alfajiri. Siku hizi simu inalala jikoni kuanzia saa tatu. Niliwaambia wateja wote kwamba baada ya saa hiyo sijibu. Niliogopa watanihama. Aliyehama ni mmoja. Kabla ya kuiweka naandika kwenye daftari oda za kesho na linalonisumbua, liwe deni, liwe ada ya mtoto. Nikiliandika, kichwa kinaacha kulilinda usiku kucha.

Asubuhi natembea kutoka Pasua hadi mjini badala ya kupanda daladala. Ni saa ambayo mlima uko wazi bado, maana ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika mawingu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mimi nazipata nikienda kazini. Mwanga wa asubuhi nao unauweka mwili kwenye saa yake, ndiyo maana usiku usingizi unakuja mapema. Wewe una Meru mbele yako. Hata Julai mawingu yakishuka, mwanga wa nje unazidi wa kibandani.

Sasa hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Sisi tukiulizwa habari tunajibu "nzuri", hata nyumba ikiwa inaungua. Ni adabu na siilaumu, lakini unaweza kufa na "nzuri" mdomoni. Fundi mwenzangu wa kibaraza cha pili tuliwekeana lugha: ukisema "nzuri", ni nzuri. Ukisema "nzuri tu", mwenzako anavuta kigoda. Hatoi ushauri, anasikiliza hadi chai ipoe. Nasali, na sala inanishika, lakini yule wa kuvuta kigoda nilimhitaji pia.

Ni yeye aliyeniambia, "Shoga, 'nzuri tu' yako imepita wiki mbili." Akafunga kibaraza akanisindikiza hospitali. Uzito wa moyo ukikaa zaidi ya wiki mbili, kila siku, usingizi na hamu ya kula vimeondoka, hapo pumzi na daftari pekee havitoshi. Uliza hospitali ya mkoa, kwenu Mount Meru, uwaambie unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Mtaani watakutania kwamba unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Waache. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikaongea na mtu aliyesomea kazi hiyo, nikarudi tena mara kadhaa, na cherehani sikuiacha hata wiki moja.

Na kama umefika mahali unawaza ni bora usingekuwepo, usihesabu wiki. Mwambie mtu leo hii, akae na wewe, mwende hospitali pamoja. Ukimkosa wa kumwambia, niandikie mimi faragha. Nimesema simu yangu inalala jikoni, lakini usiku huu nitaiweka karibu.